Kusoma Biolojia ya Kikokotozi Katika Ngazi ya Uzamili na Uzamivu: Mwongozo Kamili

Jaribio la maabara likiharibika, mara nyingi dalili huonekana kwa macho: seli zinakufa, kimiminika kinabadilika rangi, au mashine haisomi chochote. Programu ya kompyuta haina tabia hiyo. Ukiilisha data mbovu, itakokotoa hadi mwisho na kukupa jedwali safi lenye tarakimu sita baada ya nukta, na jedwali hilo halitatofautiana kwa sura na lile ambalo lingetokana na data nzuri. Kwa sababu hiyo naamini kwamba kazi kubwa ya miaka ya uzamili na uzamivu katika fani hii ni kujifunza kulitambua jibu la uongo kabla halijaingia kwenye tasnifu, na hatua zinazofuata zimepangwa kwa kuzingatia lengo hilo.

Hatua ya 1: Fahamu unaingia katika uwanja gani

Majina mawili hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Bioinfomatiki kwa kawaida hushughulika na kutengeneza na kutumia zana za kuhifadhi, kutafuta na kuchambua data za kibiolojia, ilhali biolojia ya kikokotozi huanza na swali la kibiolojia na kulitafutia jibu kwa hisabati, modeli na kompyuta. Vyuo vingi haviuzingatii sana mpaka huo, kwa hiyo soma orodha ya masomo yanayofundishwa badala ya kuridhika na jina la shahada.

Fani yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Margaret Dayhoff na wenzake walichapisha mkusanyo wa mifuatano ya protini, yaani mpangilio wa asidi amino zinazoziunda, mwaka 1965. Mwaka 1970 Saul Needleman na Christian Wunsch walieleza namna ya kulinganisha mifuatano miwili kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1981 Temple Smith na Michael Waterman wakaonyesha jinsi ya kutafuta vipande vinavyofanana ndani ya mifuatano mirefu. Kisha mwaka 1990 ikatoka programu ya BLAST, ambayo iliharakisha utafutaji kiasi cha kumwezesha mtafiti kupekua hifadhidata nzima, kwa kukubali kwamba mara chache itapitwa na ufanano uliopo kweli. Ninaieleza historia hii kwa sababu ndani ya karibu kila zana utakayotumia kuna mahali ambapo uhakika ulipunguzwa ili kasi iongezeke, na mwanafunzi wa ngazi hii anapaswa kujua ni wapi.

Matawi ya fani ni mengi, na hayahitaji akili ya namna moja. Anayevutiwa na umbo la protini ataingia katika eneo lenye hazina ya data iliyoanzishwa mwaka 1971 ikiwa na maumbo 7 tu na ambayo sasa ina zaidi ya 200,000. Ni hazina hiyo iliyowezesha AlphaFold, programu ya kutabiri maumbo ya protini, kufunzwa, na mwaka 2024 David Baker, Demis Hassabis na John Jumper walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi za kubuni protini na kutabiri maumbo yake. Anayependa milinganyo tofautishi, yaani ile inayoeleza kasi ya mabadiliko, atajisikia nyumbani katika modeli za seli za neva, zilizopata msingi wake kwa Alan Hodgkin na Andrew Huxley mwaka 1952, au katika modeli za kuenea kwa magonjwa, ambazo William Kermack na Anderson McKendrick walizipa sura inayotumika hadi leo mwaka 1927. Wengine huchambua jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, wengine mageuko ya viumbe, wengine seli moja moja. Chagua tawi kwa kujiuliza ni aina gani ya tatizo unaloweza kuliwaza kwa miaka mitatu au minne bila kuchoka, kwa maana zana utakazojifunza mwaka wa kwanza huenda zikawa zimepitwa na wakati utakapohitimu.

Hatua ya 2: Ziba pengo la upande uliotoka

Karibu kila anayeingia hapa ameshiba upande mmoja na ana njaa upande wa pili. Aliyesoma biolojia na ajifunze lugha moja ya programu kwa kina kabla ya kugusa ya pili. R inafaa kwa anayetarajia kuchambua jeni na majedwali ya vipimo, kwa sababu mkusanyo wa vifurushi uitwao Bioconductor umekuwa ukikuzwa tangu mwaka 2001 kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Python inafaa kwa anayetaka kushughulikia mifuatano, kuunganisha zana mbalimbali au kuingia katika ujifunzaji wa mashine, yaani kuifanya kompyuta ijifunze kutokana na mifano. Mazoezi yaliyo kwenye tovuti ya Rosalind ni mahali pazuri pa kuanzia, kwani huanza kwa kuhesabu besi, yaani herufi za DNA, katika kipande chake na kupanda taratibu hadi matatizo magumu ya miti ya mageuko.

Aliyetoka katika hisabati au sayansi ya kompyuta ana mtego wake. Yeye huona herufi nne, A, C, G na T, na kusahau kwamba herufi hizo zilitoka katika tishu iliyokatwa na mkono wa mtu, ikahifadhiwa kwa muda fulani katika baridi fulani, ikachujwa, ikanakiliwa mara nyingi kwa kemikali ambazo hunakili vipande vingine kwa wingi kuliko vingine, na hatimaye ikasomwa na mashine yenye makosa yake. Asome kitabu kinene cha biolojia ya molekuli cha shahada ya kwanza, tena kwa kalamu mkononi, na aombe nafasi ya kukaa maabarani walau wiki mbili akiangalia sampuli zinavyotayarishwa. Wiki hizo mbili humfundisha kuishuku data kwa namna ambayo kitabu hakiwezi.

Wote wawili wanahitaji takwimu, na hapa sioni njia ya mkato. Nadharia ya uwezekano, modeli za mstari, ukadiriaji wa vigezo, mantiki ya Bayes, na aljebra ya matriki ya kutosha kuelewa jinsi data yenye maelfu ya vipimo inavyopunguzwa hadi mihimili miwili au mitatu: hayo ndiyo yatakayokuwezesha kulisoma jibu la programu kwa macho yako mwenyewe. Kama programu ya masomo inakuruhusu kuchagua kati ya somo la zana mpya na somo la takwimu, chagua takwimu.

Hatua ya 3: Chagua msimamizi, kisha chuo

Uzamili wa masomo ya darasani unaweza kuchaguliwa kwa kuangalia mtaala. Uzamili wa utafiti na uzamivu ni uhusiano wa miaka kati ya mwanafunzi na msimamizi, na jina kubwa la chuo halitamsaidia mwanafunzi ambaye msimamizi wake hana muda naye. Kabla ya kukubali nafasi, zungumza na msimamizi na umuulize waziwazi maswali ambayo wengi huona haya kuyauliza.

Swali la kwanza ni kama data ya mradi tayari ipo. Mradi unaotegemea sampuli ambazo bado hazijakusanywa unaweza kukaa mwaka mzima ukingoja, na mwaka huo huhesabiwa katika muda wako wa masomo. Ikiwa data bado, uliza ni data gani ya wazi utakayoitumia kujenga na kupima mbinu zako wakati unasubiri. Msimamizi aliyejiandaa atakuwa na jibu. Swali la pili ni nani mwenye mamlaka juu ya data hiyo na nani mwingine anayeichambua. Swali la tatu ni kama utakuwa na swali lako la utafiti, au utakuwa mtu wa kuchambua data za maabara nzima. Kazi hii ya pili inafundisha na kukupa sehemu katika makala za wengine, lakini haitoi tasnifu. Hatimaye uliza ni nani atakayekagua upande ambao msimamizi hana utaalamu nao. Mpango ninaouona bora ni wa wasimamizi wawili, mmoja wa kikokotozi na mwingine wa majaribio, mradi tu wawe wanaongea wao kwa wao.

Zungumza pia na wanafunzi waliopo, bila msimamizi kuwepo. Waulize hukutana naye mara ngapi, rasimu hukaa mezani kwake muda gani, na waliohitimu kabla yao walichukua miaka mingapi.

Hatua ya 4: Tuma maombi

Hapa sitakaa sana. Katika barua kwa msimamizi, taja makala yake moja uliyoisoma kweli na uliza swali moja ambalo makala hiyo imeliacha wazi; barua ya aya mbili inatosha. Weka hadharani mradi mmoja mdogo wa programu uliouandika mwenyewe, wenye maelezo ya jinsi ya kuuendesha, kwa kuwa msimamizi anayejua kazi yake atajifunza mengi zaidi humo kuliko katika orodha ya vyeti. Katika maelezo ya nia, eleza swali la kibiolojia unalolitamani na pengo lako la elimu na unavyoliziba. Kukiri pengo hakumpunguzii mwombaji heshima, kwa sababu kila anayesoma maombi hayo anajua kwamba pengo lipo.

Hatua ya 5: Jenga karakana yako katika miezi ya kwanza

Jifunze kufanya kazi kwa kuandika amri katika Linux, kwa sababu zana nyingi za fani hii zimeandikwa kwa mazingira hayo na seva kubwa za vyuo huendeshwa hivyo. Seva hizo hutumiwa na watu wengi kwa foleni. Jifunze kuomba kumbukumbu na muda unaolingana na kazi yako.

Weka msimbo wako wote katika Git, mfumo unaotunza historia ya kila badiliko, tangu siku ya kwanza, hata ule unaodhani ni wa majaribio tu. Tenganisha mazingira ya programu ya kila mradi kwa conda, zana ya kusakinisha vifurushi, au kwa kontena, yaani kifungashio chenye programu na vyote inavyohitaji, ili toleo jipya la kifurushi kimoja lisibadilishe matokeo ya mradi mwingine bila wewe kujua. Kazi yenye hatua nyingi iandikwe kwa mfumo wa mtiririko kama Snakemake au Nextflow, ambao hukumbuka hatua ipi ilitoa faili ipi na kurudia zile tu zilizoathiriwa na mabadiliko. Data ghafi iwekwe katika folda isiyoruhusu kuandikwa juu yake, iwe na nakala mahali pengine, na isiguswe kamwe kwa mkono.

Juu ya hayo yote, weka daftari. Mwenzako wa maabara huandika kila siku alichofanya na alichokiona. Wewe pia andika, pamoja na ulichokitarajia kabla ya kubonyeza kitufe. Mstari huo wa matarajio ndio wenye thamani kubwa, kwa maana bila huo kila jibu litakalokuja litaonekana kuwa la kawaida.

Hatua ya 6: Ijue data yako faili kwa faili

Kabla ya uchambuzi wowote, fungua faili na usome mistari yake. Faili ya FASTQ, kwa mfano, huleta kila kipande kilichosomwa pamoja na alama ya ubora kwa kila besi: alama 10 maana yake ni uwezekano wa kosa 1 kati ya 10, alama 20 ni 1 kati ya 100, na alama 30 ni 1 kati ya 1,000. Mwanafunzi anayejua hilo ataelewa mara moja kwa nini tofauti iliyoonekana katika kipande kimoja tu si ushahidi wa badiliko la jeni.

Yapo makosa ambayo yamewapata watafiti wengi na yatakupata na wewe usipoyatazamia. Kuna aina kadhaa za mafaili yanayoorodhesha nafasi kwenye jenomu: yale ya BED huanza kuhesabu nafasi kwenye kromosomu kutoka 0, ilhali yale ya GFF na VCF huanza kutoka 1, na kuchanganya mifumo hiyo husogeza kila kitu kwa besi moja bila programu kulalamika. Jenomu rejea ya binadamu, yaani ile ya mfano ambayo nyingine hulinganishwa nayo, ina matoleo: GRCh37 ya mwaka 2009 na GRCh38 ya mwaka 2013 bado zote zinatumika, na nafasi ya jeni moja hutofautiana kati yake. Majedwali ya Excel nayo yamegeuza majina ya jeni kama SEPT2 na MARCH1 kuwa tarehe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta makosa ya namna hiyo katika takriban makala 1 kati ya 5 zilizoambatanisha orodha za jeni za Excel, na mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilieleza kwamba jeni hizo zimepewa majina mapya, SEPTIN2 na MARCHF1, ili kuepusha balaa hilo. Jumuiya nzima ya sayansi ililazimika kuipisha programu ya hesabu za ofisini, na naona hilo ni onyo tosha kwa anayefungua data yake kwa kubofya mara mbili.

Kuna ukaguzi mmoja ninaoupendekeza kwa kila mwenye data ya RNA ya binadamu, yaani nakala ambazo seli hutoa kutoka kwenye jeni zake. Jeni ya XIST hunakiliwa kwa wingi katika tishu za wanawake, na jeni za kromosomu Y, kama RPS4Y1, huonekana kwa wanaume. Linganisha viwango hivyo na jinsia iliyoandikwa katika maelezo ya kila sampuli. Ukikuta sampuli mbili zisizolingana, huenda kuna mirija iliyobadilishana lebo, na ni afadhali kuligundua hilo katika wiki ya kwanza kuliko kuligundua mbele ya watahini.

Hatua ya 7: Jizoeze kulishuku jibu

Hii ndiyo hatua inayomtenganisha mtafiti na mtumiaji wa programu, na haina mwisho.

Anza na hesabu hii. Binadamu ana jeni takriban 20,000 zinazotengeneza protini. Ukizipima zote kati ya makundi mawili ambayo kwa kweli hayatofautiani, na ukakubali kila thamani ya p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho kwa bahati tu) iliyo chini ya 0.05, utapata jeni zipatazo 1,000 zinazoonekana kuwa na tofauti, kwa bahati tupu. Kati ya 1,000 hizo hakika zitakuwamo kadhaa zinazohusiana na ugonjwa unaouchunguza, na akili ya binadamu itazitungia hadithi nzuri. Ndiyo maana hutumika marekebisho ya vipimo vingi, hasa njia ya Yoav Benjamini na Yosef Hochberg ya mwaka 1995, ambayo hudhibiti sehemu ya uongo katika orodha ya matokeo unayoyatangaza.

Marekebisho hayo, hata hivyo, hayawezi kuokoa jaribio lililopangwa vibaya. Ikiwa sampuli zote za wagonjwa zilisomwa Jumatatu na za wazima zote zikasomwa Alhamisi, basi tofauti ya ugonjwa na tofauti ya siku zimefungamana, na hakuna fomula itakayozitenganisha. Mwanafunzi wa kikokotozi anapaswa kuwepo katika kikao cha kupanga jaribio, kabla sampuli ya kwanza haijachukuliwa, na kama hakualikwa na aombe kualikwa.

Katika data za seli moja moja, jihadhari na wingi unaodanganya. Watu 3 waliotoa seli 5,000 kila mmoja wanakupa seli 15,000, lakini kwa swali la tofauti kati ya wagonjwa na wazima bado una watu 3. Seli za mtu mmoja zinafanana kwa sababu ni za mtu mmoja, na kuzihesabu kama mashahidi huru huzalisha thamani za p ndogo mno zisizo na maana.

Ujifunzaji wa mashine una mtego wa aina hiyo hiyo. Protini zenye asili moja zikigawanywa kwa nasibu kati ya kundi la kufunzia na kundi la kupimia, modeli itajibu mtihani kwa kukumbuka ndugu za maswali. Zigawanye kwa familia, ili familia iliyo katika mtihani isiwe imeonekana kabisa wakati wa mafunzo. Alama zitashuka, lakini zitakuwa alama za kweli.

Kwa kila uchambuzi fanya majaribio mawili ya kuhakiki. La kwanza, tengeneza data ya kubuni ambayo jibu lake unalijua na uone kama mtiririko wako unalipata. La pili, changanya kwa nasibu lebo za wagonjwa na wazima kisha endesha uchambuzi wote upya. Kwa kuwa sasa hakuna ukweli wa kupatikana, matokeo yanapaswa kuwa karibu matupu. Yasipokuwa matupu, usiendelee mbele hadi ujue sababu.

Hatua ya 8: Rudia kazi ya wengine na uheshimu data za watu

Katika muhula wa kwanza au wa pili, chagua makala moja yenye data ya wazi na ujaribu kuurudia mchoro wake mmoja tu, kuanzia data ghafi. Utashangaa jinsi maelezo ya mbinu yanavyoacha mambo: toleo la programu halikutajwa, kizingiti cha kuchuja hakikuelezwa, sampuli mbili ziliondolewa bila sababu. Zoezi hilo litakufundisha kusoma makala na kuandika yako kwa wakati mmoja.

Data za jenomu za binadamu zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa jenomu humtambulisha mtu pamoja na ndugu zake ambao hawakuombwa ridhaa. Nyingi hutunzwa katika hifadhi zinazotoa ruhusa kwa maombi, na maombi hayo pamoja na kibali cha kamati ya maadili yanaweza kuchukua miezi, kwa hiyo yaanze mapema. Data hiyo haipaswi kuwekwa kwenye kompyuta binafsi, hata kwa usiku mmoja.

Hatua ya 9: Andika tasnifu na ukabidhi kazi inayoendeshwa

Andika sura ya mbinu sambamba na kazi, huku ukitaja matoleo ya programu, vigezo, toleo la jenomu rejea na namba ya mbegu ya nasibu uliyotumia, yaani namba inayoifanya kompyuta irudie uchaguzi ule ule wa kibahati. Katika sura ya matokeo, eleza pia yale yaliyokataa, hasa ukaguzi ulioibua tatizo na jinsi ulivyolitatua, kwa sababu mtahini makini atauliza, na jibu lililoandikwa tayari humtuliza.

Miezi miwili kabla ya kuwasilisha, mpe mwanafunzi mwenzako hazina yako ya msimbo na kompyuta isiyo na chochote chako, na umwombe aendeshe mtiririko wote hadi michoro ya tasnifu, wewe ukiwa umekaa kimya pembeni ukiandika kila mahali anapokwama. Rekebisha mahali hapo pote, mwombe arudie, kisha hifadhi toleo lile lile lililofanikiwa katika hifadhi ya kudumu kama Zenodo, ambayo italipatia utambulisho usiobadilika, na uweke utambulisho huo katika ukurasa wa mbinu kabla ya kupeleka tasnifu kuchapwa.